Nilimweka Mama Mkwe Nyuma ya Goli

Golikipa wetu alifungwa huku anautazama mpira ukipita juu ya kichwa chake. Hakukimbia, hakuruka. Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kama mtu aliyefika mlangoni mwa chumba cha wakwe.

Goli hilo moja lilitushusha daraja.

Tulikuwa nyumbani, pale Nchelenge kando ya ziwa. Halafu mtu mmoja akapiga kelele: "Ameuza mechi!"

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kaeni niwaambie vizuri, maana hili jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Naitwa Guylain. Ni Mkongo wa Pweto. Mwaka 2017 vita ilinivusha mpaka wa nchi, nikapitia kambi ya wakimbizi ya Mantapala kama wenzangu wengi, na sasa nauza chumvi pale soko la Kashikishi. Chumvi ni kazi yangu, lakini mpira ndio ugonjwa wangu. Nilikuwa kiongozi wa washangiliaji. Ngoma yangu, mdomo wangu mkubwa, shati langu la kijani.

Timu yetu ni Pelikani. Msimu ule ndio ulikuwa wa kwanza kwetu Ligi Kuu. Mechi thelathini na nne, Agosti hadi Mei. Wajanja wa Lusaka walisema hatutafika Krismasi.

Walikuwa hawamjui Kabaso.

Kabaso ni mtoto wa ziwa hili, mrefu, mpole, mikono kama makasia. Mechi kumi na tatu alimaliza bila kufungwa. Sisi washambuliaji wetu walikuwa hovyo kabisa, jamani, goli moja mpaka tusali. Yeye ndiye alitushika shati tusizame.

Januari, serikali ilipofunga uvuvi ili samaki wazae, watu wakawa hawana kazi, basi harusi zikawa nyingi. Kabaso naye akamwoa Idah wa kisiwa cha Chisenga.

Hapa mnielewe vizuri. Kwa watu wa huku, mkwe wa kiume hakai mbele ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Inaendelea hivyo mpaka familia ya mke ipike chakula kingi, wamwite, wamfungulie mlango rasmi. Wenyewe wanaita ukwingisha.

Vijana wengi wa siku hizi wanairuka hiyo mila. Kabaso alilelewa na bibi yake. Haruki. Sherehe yake ilipangwa ifanyike ligi ikiisha.

Mechi ya mwisho tulikuwa nyumbani. Sare tu ilitosha kutubakiza. Tena timu moja ya Copperbelt, kule migodini, ilikuwa imemtuma mtu wake kumwangalia Kabaso, na Jumatatu wamsainishe. Maisha yake yote yalikuwa kwenye zile dakika tisini.

Mimi na akili zangu za ngoma nikaona kijana anahitaji nguvu ya familia. Nikapanda boti hadi Chisenga kumchukua mama mkwe wake, Mayo Ennie.

Mayo Ennie anawauzia Wakongo samaki miaka mingi, Kiswahili chetu anakijua. Alicheka kwanza. Kisha uso ukabadilika.

"Awe, hapana, ba Guylain. Pale mukwe wangu eko, mi siwezi simama. Ni haya."

"Mama, kiwanja ni kikubwa. Hatakuona hata kidogo."

"Na kama ananiona?"

"Yeye ataangalia mupira, mama. Mi minajua mambo ya football. Nitakuweka mbali naye kabisa. Siye njo tunaleta batu bote ba familia, ajisikie nguvu."

Mama akainuka. Akaingia ndani, akavaa chitenge chake cha kanisani.

Nilitimiza ahadi. Kabaso alianza goli la upande wa ziwa, nami nikamweka Mayo Ennie nyuma ya goli la upande wa barabara. Nikampa kiti cha plastiki, nafasi ya mbele kabisa. Nikajisifu.

Kipindi cha kwanza bila bila.

Sasa wewe msomaji umeshanikamata. Mimi, ninayejua mambo ya football, miaka ishirini naangalia mpira, nilisahau kwamba mapumziko yakiisha timu zinabadilishana magoli.

Kabaso alikuja mbio na glovu zake, akafika langoni, akainua macho. Mayo Ennie huyo hapo, hatua sita tu. Nyuma yake watu wamejaa, hana pa kupitia. Akajifunika kichwa na chitenge, akageuza uso pembeni.

Tangu hapo Kabaso hakukanyaga tena karibu na goli lake. Alisimama mbali, kwenye mstari wa boksi. Mpira ukitoka nje, anamtuma beki akaulete. Mimi nilikuwa upande wa pili na ngoma yangu, nikafikiri kocha amempa mbinu mpya. Sikumwona mama.

Dakika ya themanini na tatu mtu wao akaona golikipa yuko mbali. Akapiga kutoka katikati. Mpira wa polepole, mpira wa kudakwa na mtoto. Kabaso alihitaji kurudi mpaka kwenye nyavu. Alirudi hatua mbili.

Mnajua yaliyofuata. Mimi nikapiga kelele, watu elfu nne wakaipokea. "Ameuza! Ameuza!" Wakamsindikiza nayo mpaka kwake. Kesho yake sokoni wanawake walikataa kumuuzia Idah hata nyanya. Jumatatu yule mtu wa Copperbelt hakushika simu.

Kabaso hakujieleza kwa mtu. Angesemaje mbele ya wanaume, mama mkwe alikuwa nyuma yangu? Akaondoka na mke wake.

Siku ya tano Mayo Ennie alikuja mwenyewe mbele ya kamati ya timu. Mwenyekiti, mzee Sampa, alinisimulia. Mama alipiga magoti, akaeleza yote mbele ya wazee kumi na wawili. Wakamuuliza nani alimleta uwanjani.

"Nilikuya na miguu yangu. Nilitaka tu kuona mupira."

Alinificha. Mwanamke niliyemvalisha aibu ile alinificha mimi.

Kamati ikaandika barua ya kumsafisha Kabaso. Nani anasoma barua ya ofisini? Mtaani wimbo ukabaki ule ule, wimbo wangu.

Nilikaa na hiyo aibu wiki sita. Mwishowe nikapanda boti. Kabaso alikuwa upande wa pili wa Chisenga, kwenye kambi ya wavuvi, anashona wavu. Ile sherehe yake ilikuwa imeahirishwa, mama mkwe hawezi hata kulitaja jina lake.

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Nikaeleza mimi ndiye nilimleta mama.

"Ile minajua," akasema kwa Kiswahili chetu, bila kuinua kichwa. "Idah aliniambia. Mi niko na swali moja tu, yaya, kaka yangu. Wakati ulipiga kelele 'ameuza', ulikuwa umeisha kumuona mama?"

Jamani.

Hapo juu nimewaandikia kwamba sikumwona. Ndivyo nimekuwa nikisema kwa kila mtu, hata kwa mke wangu. Ni uongo. Nilimwona dakika ya sitini. Niliona chitenge kile, nikaelewa kila kitu, mikono ikafa juu ya ngoma. Ningeweza kuzunguka uwanja nikamtoa pale. Niliogopa watu wangeuliza nani kamweka. Na goli lilipoingia, nilipiga kelele haraka ili wamtazame yeye.

"Nilikuwa nimemuona," nikamwambia.

Akafunga fundo. Akakata uzi kwa meno.

"Eya. Nilitaka tu kuisikia kwako." Akamwita mkewe. "Idah, muletee bukari. Boti ya kurudi iko mbali."

Nilikula ule ugali nikilia, na Kabaso akaendelea na wavu wake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ngoma nimeiacha. Washangiliaji wote wa Pelikani wapo kwenye hili kundi la simu, na wageni wengi pia, ndiyo maana naandika hapa na si kwenye ofisi ya mtu. Mkimsikia mtu wa kwanza kumwita mwenzake mwizi, muulizeni kwanza yeye alikuwa anafanya nini.

Kabaso hakuuza mechi. Mtu akiwaambia kwamba aliuza, mwambieni hivi: aliyesema uongo ni Guylain wa chumvi, Kashikishi, na alikuwa anajua.