Chupa Moja ya Vidonge, Kutoka Lusewa Hadi Songea

Sababu ya safari yangu ni simu ya nesi. Alipiga Jumatatu nikipukuchua mahindi, akanipa pole ya kazi, kisha akaniambia nimechaguliwa. Ule utafiti wa presha wa serikali, ambao nimo ndani yake tangu mwaka jana, ulikuwa na mkutano Songea siku ya Alhamisi. Washiriki wengi walikuwa wanarudisha chupa zikiwa na vidonge tele. Mimi zangu hurudi tupu. Basi babu uje uwaambie wenzako siri yako, alisema.

Siri ninayo. Vidonge vile nilikuwa nakula na Saidi.

Kwa msiomjua, Saidi ni jirani yangu hapa Lusewa, Myao wa Namasakata aliyehamia kwa kuoa. Mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni watani, na mtani hanyimwi. Siku alipoiona chupa mezani aliichukua, akasema mali ya Mngoni ni yake, tena hata yeye kichwa humgonga. Nikacheka. Tukapatana: leo mimi, kesho yeye. Chupa ikaisha siku ileile iliyopangwa, nami nikamwambia nesi nimemeza vyote. Presha haikushuka, wakaniongezea dozi. Nayo tukagawana. Nimefika kidato cha nne, siwezi kusingizia ujinga. Nilipenda kusifiwa, basi.

Wiki moja kabla ya simu ile Saidi alianguka akipalilia mikorosho. Aliinuka kofia imejaa majani, akasema ni jua. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Sikulala vizuri tena.

Jumatano alfajiri tuliondoka Lusewa kwa pikipiki mbili. Nilimwambia tu kwamba Songea wanapima wazee bure, akakubali upesi. Nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu anayekwenda kutua mzigo wa kuni. Kila tulipopanda kilima Saidi alinipita akipiga kelele kwamba Wangoni siku hizi wanakimbia kinyumenyume. Kila tulipoteremka nilimpita mimi, nikamuuliza kama Wayao wana breki. Vijana waliotuendesha walicheka mpaka tukawaomba watazame njia.

Namtumbo tulifika saa nne, tukanywa chai kwa mihogo. Saidi alikula yake, akala na yangu. Hapo nikamweleza yote: kwamba kilichomwangusha huenda ni vile vidonge, na kwamba kesho nitasimama niseme.

Aliweka kikombe cha chai chini.

"Usiseme," alisema. "Watakutoa kwenye utafiti wao, urudi kwenye presha yako, ufe. Mimi nitamtukana nani?"

Nikamwambia na yeye akianguka siku moja asiinuke, nani atakula mihogo yangu?

Tukawaacha wale vijana Namtumbo, tukapanda basi; saa nane mchana tulishuka Songea, tukachukua bodaboda mpaka Mfaranyaki kwa binti yangu Felista, mwenye duka dogo la nafaka. Alitupikia ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, ulitufundisha kwa fimbo kutodanganya." Saidi akadakia kwamba fimbo ipelekwe kesho kwenye mkutano. Felista alicheka, nami nikacheka, ingawa ilikuwa haki yangu kulia.

Alhamisi saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa wazee wenzangu. Vijana wakatuamkia shikamoo mpaka tukachoka kuitikia marahaba. Daktari anayeongoza utafiti, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, akanikaribisha mbele kama mshiriki wa mfano. Wakapiga makofi.

"Siri yangu ameketi pale, amevaa kofia," nilisema, nikamwonyesha Saidi. Kisha nikasimulia: leo mimi, kesho yeye.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Saidi akasimama, akainama kama bwana harusi. Daktari hakucheka. Alimwita pembeni, akamfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akapima mara mbili.

"Mzee, wewe huna presha," alimwambia. "Umekunywa dawa ya ugonjwa ambao huumwi. Kichwa chako tutakitafutia sababu yake leo hii."

Saidi alinitazama. "Kumbe hata ugonjwa wake alininyima."

Hapo daktari akashindwa, akacheka. Kisha akanigeukia, akasema kwamba wao walikwisha kuandika kuwa dozi ndogo haikunisaidia. Daftari moja la taarifa zangu haligeuzi utafiti, lakini yakiwa mengi kama langu, wazee wa mkoa mzima watakuja kumezeshwa dozi kubwa wasiyoihitaji, kwa fedha ya umma. Akauliza kama kuna mwingine anayegawana. Mama mmoja nyuma akainua mkono, akasema hugawana na mume wake. Halafu mwingine, na dada yake. Mikono ikapanda kama darasani.

Nikamuuliza lini nirudishe kadi yangu ya utafiti.

"Hatumtoi mtu kwa kusema kweli, babu. Wala hatufuti taarifa zake. Tunaandika kilichotokea, tunakurudisha kwenye dozi ndogo, na unameza kila siku." Akamwambia nesi aongeze swali kwenye fomu: nani mwingine anakula dawa hii?

Ijumaa tulirudi nyumbani. Saidi alikuwa amepimwa damu siku ileile ya mkutano, akakutwa na malaria. Alipewa dawa yake mwenyewe, na njia nzima alinionyesha paketi akiniambia sipati hata moja.

Nilijifunza kwamba wale watu hawakutaka chupa tupu, walitaka kujua vidonge vimekwenda wapi. Ningeambiwa hivyo nikiwa kijana ningekuwa mtu mwingine. Lakini sasa daktari amempa Saidi kazi, na kaipokea kama cheo. Kila asubuhi anakuja, ananihesabia kidonge kimoja, ananisimamia nikimeza, kisha ananiamuru nifungue mdomo aangalie chini ya ulimi. Akiridhika anakaa, anauvuta uji wangu na kuunywa wote. Mtani hanyimwi.