Yai Chini ya Kofia ya Mzee Taju

Kama hujawahi kumwona mtu mzima, mwenye wajukuu wawili na heshima zake, akikimbilia bombani kila asubuhi saa mbili kasorobo kwenda kulowesha mikono ambayo tayari ni safi, basi hujafika kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo karibu na bandari ya Bujumbura. Hapo ndipo anapofanya kazi Tajudini, mzaliwa wa Buyenzi, ambaye kila mtu anamwita Mzee Taju.

Meli ikifika kutoka Kigoma na saruji, mchele au mafuta ya kula, yeye ndiye anayekaa mbele ya mashine, yaani kompyuta, na kuingiza karatasi za forodha ili mzigo uruhusiwe kutoka. Ni mistari juu ya mistari: bonyeza hapa, fungua pale, vuta chini, rudi juu. Meza yake iko dirishani, na akiinua macho anaona kreni na kipande cha ziwa. Ameikalia miaka ishirini na sita. Ukimwambia leo aihame, ni bora umwambie ahame nyumba.

Sasa Mzee Taju ni mtu wa majivuno kidogo. Nasema kidogo kwa sababu namheshimu. Tangu mwaka jana kifundo cha mkono wake wa kulia kinamuuma, kinamuuma hasa, kwa sababu ya kusukuma kile kipanya cha mashine huku na huko kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtu mwingine angesema. Angemwambia mkewe, angemwambia mwenzake wa meza ya pili, angeomba hata ruhusa ya siku moja aende kwa daktari. Yeye akanyamaza, maana alijiambia kwamba siku watakapojua mkono wake umechakaa, ndiyo siku watakayompa maua na kumfungulia mlango.

Taabu ni kwamba mkono unaouma haufichiki Bujumbura. Huku watu hawasalimiani kwa kupunga. Mkono unashikwa, unatikiswa, nyumbani wako namna gani, unatikiswa tena, watoto je, bado unatikiswa. Wafanyakazi wenzake aliwakwepa kwa kufika mapema na kujifanya ameshazama kazini, wakawa wanamsalimu kwa mdomo. Lakini shefu mpya wa ofisi, Valéry, kijana wa miaka thelathini na mitano aliyeletwa miezi minne iliyopita, alikuwa na adabu zake. Kila asubuhi alipita meza kwa meza akimpa kila mtu mkono.

Hapo ndipo bomba lilipoingia. Unajua kwamba mtu mwenye mkono uliolowa au mchafu hakupi kiganja, anakunyoshea kifundo cha mkono, nawe unamshika pale, mambo yanaisha upesi. Basi Tajudini akisikia tu gari ya shefu uani, mbio bombani. Anarudi anadondosha maji, anamnyoshea shefu mkono: "Unisamehe shefu, mikono iko na maji." Na Valéry, bila kujua, anamshika palepale kwenye kifundo kinachouma, na uso wa mzee unakunjamana wote. Kila siku ya kazi, miezi minne. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mtu anaweza kuumizwa na ujanja wake.

Jumatatu moja Valéry akamwita ofisini kwake, akamwambia bila kumtazama machoni, "Mzee, kuanzia mwezi ujao utapumzika kidogo mu arshive. Kazi ya mashini atafanya Ingrid."

Arshive ni chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chenye mafaili, vumbi na mende. Ingrid ni binti wa Musaga anayekaa meza ya pili, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa mdomo. Tajudini alisema tu, "Sawa, shefu," akatoka. Moyoni alijua, au alidhani anajua: wameona nimepunguza mwendo. Wiki tatu zimebaki, kisha dirisha si langu tena.

Mchana ule hakurudi kazini haraka. Alikwenda kula nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Raihana.

Raihana, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini, ana duka dogo la vitu vya okazyo, vile vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika vinavyokuja kwa makatoni. Amekagua pasi mbovu na redio bubu nyingi mno kushindwa kumjua mume mbovu. Alimwangalia akikata bugali, tonge likaanguka. Akakata lingine, nalo likaanguka.

"Baba Mwanasiti," akasema, "ile tonge iko na matatizo gani?"

"Bugali ya leo imelegea."

"Bugali imelegea? Mi nimeisonga mwenyewe, inaweza kujenga nyumba. Lete mukono."

"Apana, iko sawa."

"Lete mukono, nimesema."

Akaletewa. Aliubonyeza kwa kidole gumba kidogo tu, na Mzee Taju, mzaliwa wa Buyenzi, mtu wa heshima zake, akalia "yooo!" hadi jirani akauliza kwa juu ya ukuta kuna nini. Basi yakatoka yote: kifundo, bomba, shefu, arshive. Raihana hakumcheka kwanza. Alimcheka baadaye, akishakwenda kumletea chai.

Kisha akakumbuka kitu. Miezi minane nyuma, katika katoni moja, alipata kipanya cha ajabu: kinene, kimeinama upande, na juu yake kimekalia kimpira chekundu kama yai la njiwa. Hakikununuliwa. Kila mteja alikiweka mezani akakisukuma, mshale kwenye kioo haukwenda popote, akakirudisha akisema kimekufa. Raihana naye alikiamini kimekufa, mpaka siku alipokuwa akikipangusa vumbi huku kimechomekwa: kitambaa kilipopita juu ya yai, mshale ukaruka mbio. Kumbe hakitaki kusukumwa. Kinakaa mahali pamoja, na mkono unakaa mahali pamoja, kidole gumba peke yake ndicho kinachozungusha.

"Hii," akamwambia mumewe, "mukono inalala, kidole inatembea."

"Mi nitumie kitu ya kutupa? Watu watasema nini?"

"Watasema nini ukiwa mu arshive pamoja na mende?"

Alikichukua.

Siku mbili za mwanzo ilikuwa aibu tupu. Mara saba kwa saa alijisahau akakisukuma chombo chote kama mteja wa dukani. Mshale alioutuma kulia ulipanda juu ukapotelea kwenye kona. Alifuta mzigo mzima wa magunia ya mchele wa mtu, akauandika upya huku jasho linamtoka. Alizungumza na lile yai kwa sauti ya chini: "Njoo. Njoo hapa. Apana, we, si huko." Lakini siku ya tatu kidole kikaanza kujua, na jioni yake akagundua kwamba amefika nyumbani na hajakunja uso hata mara moja tangu adhuhuri. Alikaa kitandani akakikunja na kukikunjua kile kifundo, hakuamini.

Ila majivuno hayaponi kwa siku tatu. Aliona aibu chombo kile kionekane. Kwa hiyo akavua kofia yake nyeupe ya kufuma, akakifunika nayo, na mkono akauingiza chini ya kofia.

Ebu fikiri yanavyoonekana mambo hayo ukiwa meza ya pili. Mzee ameambiwa anaondolewa kwenye nafasi yake. Tangu siku hiyo hachezi, hasemi, amevua kofia ameilaza mezani, mkono umo chini yake, kidole gumba kinakwenda, kinakwenda, kinakwenda, na midomo inanong'ona kitu. Ingrid alitazama siku nzima. Kwake hapo hapakuwa na swali: chini ya kofia kuna tasbihi.

"Mzee Taju anasoma," akawaambia wenzake kwa chai ya saa nne. Kufika saa sita, yale maneno yalikuwa yameota miguu: mzee anamsomea shefu Albadiri.

Bujumbura hata mtoto wa Kikristo anaijua Albadiri, au anadhani anaijua: kisomo ambacho watu huamini kinamrudia aliyekudhulumu, kikampata popote alipo. Valéry anaimba kwaya kanisani, haogopi vitu hivyo. Ndivyo alivyowaambia. Siku iliyofuata tairi la gari lake likapasuka karibu na Cibitoke, akacheka. Siku ya pili yake simu ikamponyoka ikaingia mfereji wa maji machafu, akacheka kidogo. Ijumaa tumbo likamvuruga baada ya kula samaki ambaye, ukweli usemwe, alikuwa wa juzi. Hakucheka tena. Na kila alipochungulia kwenye kioo cha mlango wake, kidole cha mzee kilikuwa kazini. Jambo ambalo hakuliona, kwa woga, ni kwamba karatasi za meli iliyofika Jumatano zilikuwa zimekwisha Alhamisi, na Ingrid alikuwa bado nusu ya zake.

Jumatatu Valéry hakupita meza kwa meza. Alikwenda moja kwa moja dirishani, kabla mzee hajakimbilia bombani, akavuta kiti akakaa. Ingrid alishika kalamu asiandike kitu.

"Mzee," akasema Valéry, sauti chini, "mi nimekukosea nini?"

Tajudini alimtazama. "Mi? Kunikosea? Namna gani, shefu?"

"Usinifiche. Hapo chini ya kofia kuko nini?"

Damu ikampanda Mzee Taju usoni. Wameniona, akawaza, sasa watasema natumia takataka za sokoni kwa sababu nimezeeka. Kwa mara ya kwanza alitamani iwe kweli tasbihi. Hakuweza kuvuta mkono wala kuuacha. Mwishowe akainua kofia mwenyewe, taratibu, na yai jekundu likakaa pale juani mbele ya watu wote.

Kisha Ingrid: "Ile ni nini?"

"Ni souris," akasema mzee, yaani kipanya.

"Apana. Souris gani iko na yai?"

"Iko na yai, ndiyo. Mukono yangu inaniuma." Na lilipotoka hilo moja, mengine hayakuzuilika. "Inauma tangu mwaka jana. Sikuweza kusukuma ile ingine. Na hii bibi yangu ameniletea, imeniponya, sasa naenda mbio kama zamani. Lakini najua, shefu. Umeona nimechelewa, ndio sababu unanitia mu arshive. Sina ubaya na we."

Valéry alikuwa amefungua mdomo hajaufunga. "Kuchelewa?" akasema. "Nani amesema umechelewa?"

"Sasa juu ya nini..."

"Juu unaninawia mikono, mzee!" Sauti ilimpanda shefu, na ndani yake hamkuwa na hasira, mlikuwa na uchungu wa mtoto aliyenyimwa kitu mbele ya wenzake. "Tangu siku ya kwanza! Mi nakuja kukusalimu kama baba yangu, we unakimbia kunawa. Nakushika mukono, unakunja uso kama nanuka. Miezi mine! Nilisema huyu mzee hanitaki. Ile arshive, nilitaka tu nisikuone unakunja uso kila asubuhi."

Miezi minne Tajudini alikuwa amekimbilia bombani kuilinda meza yake, na bomba lenyewe ndilo lilikuwa linaichukua. Aliona haya hadi masikioni. Alimhurumia yule kijana, na alijihurumia mwenyewe, na juu ya yote alitamani Raihana asijue, ingawa alifahamu vizuri kwamba Raihana atajua kabla ya bugali ya mchana.

"Na ile tairi?" akauliza Ingrid kwa sauti ndogo. "Na simu?"

"Tairi gani?" akasema mzee.

Valéry alianza kucheka kwanza, akashika tumbo lake lililokuwa bado halijatulia, na ofisi ikamfuata. Alipojipangusa macho, alikinyosha kidole chake akaligusa lile yai, mshale ukaruka kwenye kioo, akaurudisha, ukaruka tena. "Iko nzuri," akasema. Kisha akainuka, akawaambia wote, "Arshive itafanywa na kila mutu kwa zamu. Ingrid, we utaanza."

Asubuhi ya Jumanne gari ya shefu ilisikika uani. Tajudini aliinuka nusu, miguu ikijua njia ya bombani, kisha akakaa tena. Kofia ilikuwa kichwani, yai liko wazi mezani. Valéry alipita meza kwa meza. Alipofika dirishani alisita, mkono wake haujui upande upi uende.

Mzee Taju akampa kiganja. Kikavu, chote, na mkono wa kushoto akaushikiza chini ya ule wa kulia kama mtu anavyompa mkono aliye mkubwa wake. Valéry aliupokea kwa mikono yake miwili, hakuutikisa hata kidogo, akaushika tu.

"Nyumbani wako namna gani, mzee?"

"Wako vizuri, shefu. Bibi yangu anakusalimia." Akasita kidogo. "Amecheka tangu jana. Bado anacheka."