Maduara Yasiyokatana

Mjomba aliyenilea ana maduara Geita. Mchimbaji akisema duara hana maana ya mchoro wa bikari; ana maana ya shimo linaloshuka wima hadi kwenye mwamba wa dhahabu, na ukilichezea atakuchukia maisha yako yote. Neno hilo moja ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari hapa Shinyanga nilipoomba kusoma masta ya hisabati safi, ile isiyopima shamba wala kujenga daraja. Mjomba akaja nyumbani kwangu Kambarage kutaka kujua mtu mwenye kazi yake anarudi darasani kutafuta nini. Nikamweleza masharti. Mwaka wa kwanza ni masomo: aljebra, topolojia, uchanganuzi, na wastani ukishuka chini ya B unafungashiwa virago. Ukivuka hapo unaandika pendekezo, unapewa msimamizi, kisha unaandika tasnifu yenye kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha kabla yako. Mwisho unasimama mbele ya jopo uitetee, nao wanajitahidi kukuvunja.

"Na hiyo tasnifu ni ya nini?"

"Mpangilio wa maduara yasiyokatana."

Akaweka kikombe chini. Machimboni, maduara mawili yakikutana huko ardhini watu hushikiana mapanga wakigombea mwamba. "Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita binti wanayemwonea fahari, "kumbe ndicho ulichokuwa unakitafuta."

Nilimwambia palepale kwamba yangu ni ya kwenye karatasi. Nikamchorea na mfano. Akaitikia kwa tabasamu la mtu anayejua kwamba siri haimwagwi ovyo. Alipoondoka nilifurahi, kwa sababu hakuwahi kuniita mayu tangu nimalize shule, na nilikuwa na njaa ya kuitwa hivyo tena.

Msimamizi wangu hakuniita chochote. Alinirudishia uthibitisho niliouhangaikia kwa miezi, pembeni ameandika neno moja: dhahiri. Kwa wanahisabati hilo ni tusi. Maana yake mpumbavu yeyote angeliona bila kusumbuka. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaanza upya. Yule baba sijamsamehe mpaka leo, ingawa alichoandika kilikuwa kweli.

Siku ya utetezi mjomba alitoka Geita na wenzake wawili, amevaa koti zito kwenye joto lile, akakaa safu ya mbele kabisa. Mambo yote yalikwenda kwa Kiingereza. Jopo lilinitafuna, nikajibu, likanitafuna tena. Wao watatu walikaa wima wakinitazama mdomoni, hawaelewi neno, ila kila mchoro wa duara ulipotokea ukutani mjomba alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Ndipo mtahini wa nje, mzee mwenye sauti laini, akageuka kuwatazama.

"Naona una wageni wametoka mbali," akasema. "Hebu waeleze kwa Kiswahili, kazi hii itawasaidia nini?"

Alikuwa anatabasamu. Alijua anachofanya, na namchukia kwa hilo. Ningesema itawasaidia, jopo lingeona sijui hata nilichokiandika. Ningesema ukweli, ningemwaibisha mtu pekee mle ukumbini ambaye nilitaka anione wa maana. Mjomba alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Nikamtazama usoni.

"Haitawasaidia kitu," nikasema. "Wala sikuiandika ili imsaidie mtu."

Jopo likacheka, kicheko cha kumkaribisha mwenzao nyumbani. Nikafaulu.

Nje nilimkuta amesimama juani, koti amelivua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu." Hakunipa mkono. "Ungeniambia mapema, nisije na watu."

"Nilikuambia ni ya kwenye karatasi."

"Hata ramani ni ya kwenye karatasi," akasema.

Wakakataa chakula, wakaenda zao. Kwenye sherehe yangu upande wa mama hakufika hata mmoja. Shangazi wa upande wa baba, anayependa kuchochea moto, alinieleza kwamba Geita wamegawanyika: wengine wanasema ninajua ila nina roho mbaya, wengine wanasema sijui kitu. Nilimwuliza shangazi kama mjomba mwenyewe yuko upande gani, akasema hajui, na macho yake yakaniambia anajua.

Likizo ilipofika nikaenda mwenyewe machimboni. Mjomba alinipokea vizuri, akanivutia kiti pamoja na mgeni wake, mtu wa pwani aliyekuja kutafuta pa kuingia ubia. Yule mgeni alikuwa ananyoosha kidole, hili vipi, lile vipi, naye anamjibu. Mwisho akaonyesha duara lililokuwa pembeni peke yake, magogo yake yamepangwa kwa ustadi.

"Hilo ni masta," mjomba akasema, na vijana waliokuwa wakiponda mawe wakacheka.

"Masta ndiyo nini?"

Mjomba akageuka, akanitazama mimi badala ya mgeni.

"Ndivyo tunavyoita hapa," akasema. "Ni duara lililochimbwa kwa akili nyingi. Unashuka mpaka chini kabisa, hukuti kitu."