Mama Hajui Kirundi

Wanaosema dunia imekuwa kijiji hawajawahi kubadilisha ndege na mama yangu. Kijiji nakijua, nimekulia kimoja nje kidogo ya Kibondo, na huko ukitaka kwenda kwa ndugu yako unakatiza uani kwa watu, unasalimia, unapita. Hakuna anayetoka nje kukuuliza una ruhusa gani ya kuusogelea mlango wake wakati huna hata mpango wa kuingia. Kiwanja cha ndege tulichoshukia kilijaa watu wa kazi hiyo. Wamevaa kofia, wamekaa ndani ya vioo, na kila mwezi wanalipwa.

Tulikuwa tunakwenda kwa dada yangu. Aliolewa na kijana wa kambi ya wakimbizi, na kijana huyo alipopata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya mbali, walikwenda wote. Huko alikaa miaka mingi bila mtoto. Alipompata, akajifungua kwa upasuaji, na kidonda kikagoma kufunga. Mumewe anashinda kazini. Kwetu mwanamke akijifungua watu wake huenda guhemba, yaani kumpelekea chakula cha kumrudishia nguvu, na anayetangulia ni mama yake mzazi. Dada hakusema mengi kwenye simu. Alisema, "Mama aje." Mama akasaga mtama wa uji, akauchekecha mwenyewe, akauviringisha ndani ya kitenge kipya.

Viza ya kwa dada tuliipata. Mkata tiketi wetu pale Kasulu, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya ofisi isiyo na dirisha, alituhakikishia kwamba huko katikati hakuna shida. "Hamtoki nje, madamu. Mnakaa ndani tu, mnabadilisha ndege." Kijana huyu hajawahi kuvuka Kigoma mjini, lakini alizungumza utadhani yeye ndiye rubani.

Niseme kidogo kuhusu mama. Alizaliwa Burundi, akavuka akiwa msichana, akalima Kibondo, akatuzaa Kibondo, akapewa uraia na kuapa mkono juu. Hayo yote hayakumsaidia kwenye basi. Kati ya Kibondo na Kasulu palikuwa na kizuizi, wanaingia watu wawili watatu wenye kofia, wanakagua nyuso. Majirani zetu Waha lugha yao na yetu zinakaribiana mno, ila wao walijulikana ukoo na kilima wanakotoka. Mama akiulizwa anatoka wapi anajibu Kibondo. Na kabla ya hapo? Kibondo. Neno moja la Kirundi likimponyoka, anashushwa na kuwekwa juani hadi basi lingine lipite, uraia wake ukiwa ndani ya mkoba.

Kwa hiyo nyumbani tulikuwa na sheria. Kirundi tulikiongea mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukifunguliwa, hata kama ni jirani anaomba chumvi, mama alihamia Kiswahili katikati ya sentensi, na ole wako usimfuate. Mimi na dada tulifinywa sana kwa ajili ya hilo.

Basi huko kwenye vioo, ofisa akaichukua pasi ya mama, akaigeuza, akaigeuza tena. Sisi watu wa Tanzania, ukiwa na viza ya unakokwenda, uliruhusiwa kupita bila viza ya njiani. Watu wa Burundi hawakuruhusiwa. Pasi ya mama ilisema Mtanzania, ikasema pia alizaliwa Burundi, na mambo hayo mawili hayakuingia kwenye kichwa kimoja. Akataka kujua kama kweli pasi ni ya mwanamke huyu. Njia aliyoiona ni moja. Kama ni yeye aliyezaliwa huko, basi aongee lugha ya huko.

Nilicheka, na hakupenda. Yaani ili akubalike kuwa Mtanzania, mama alitakiwa kwanza aonyeshe Urundi wake. Nikamwambia hatutaki kuingia nchini kwake, mvua yake tunaiona dirishani na inatutosha. Akasema si yeye, ni kanuni. Sijawahi kukutana na mtu wa namna hiyo ambaye ni yeye. Kila wanapokukalia kooni huwa ni kanuni, wao wapo tu wanaisindikiza.

Wakamleta mkalimani. Alikuwa Mrundi wa makamo, koti limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ananukia vizuri. Akainama mbele ya mama kwa adabu iliyonikera, akamsalimia na kumuuliza kama anaongea Kirundi.

"Amahoro, mama. Mbega muvuga Ikirundi?"

Mama akaitazama kofia ya ofisa, kisha akamtazama yeye.

"Sielewi, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Mimi ni mtu wa Kibondo."

Damu ikanipanda. Nikamwinamia sikioni. "Mama, hapa siyo kizuizini."

"Hawa hawana kofia?"

"Wanazo."

"Basi ni kizuizi."

"Mama, hawa wanataka uongee. Ukiongea tunapita. Dada anakusubiri."

"Hata wale walikuwa wanatusemesha kwa upole. Walianza hivyohivyo."

Nikamgeukia ofisa, nikamweleza kwamba anakijua, anaogopa tu, na nikamweleza anaogopa nini. Akasikiliza akiwa ameinua nyusi. Akasema anayetakiwa kuongea ni mwenye pasi. Nikajaribu la mwisho, nikamwambia mama aongee, kwa Kirundi, kwa sauti, mbele yao wote: "Nimuvuge, mama." Aliniangalia kana kwamba nimevua nguo hadharani. Kisha akaikunja mikono yake mapajani. Yule mkalimani alikuwa anajua. Nilimwona usoni kwamba anajua, maana naye hakuzaliwa ndani ya koti lile. Lakini akamwambia ofisa kwamba mama huyu hajibu Kirundi, na hilo lilikuwa kweli, na likaandikwa.

Nawadharau wote wawili mpaka leo. Ofisa kidogo, kwa kuwa hakujua alichokuwa akikifanya. Yule mwingine zaidi.

Wakasema mama atarudishwa na ndege iliyotuleta. Mimi naweza kuendelea, pasi yangu imeandika Kibondo pote pote. Nilitaka kurudi naye. Mama akakataa, akafungua begi, akanipa ule mtama ndani ya kitenge chake. "Nenda uhembe," akasema. "Uji usiwe mzito, ana kidonda." Akaondoka katikati ya kofia mbili, mgongo umenyooka, na hakugeuka.

Dada alinifungulia mlango akiwa amejishika tumbo. Hakunisalimia kwanza. Aliangalia nyuma yangu.

Kaka yetu alimpokea mama Dar es Salaam, wakapanda basi hadi kwetu. Kabla ya Kibondo likasimamishwa. Aliyeingia akamuuliza mama anatoka wapi, mama akasema Kibondo, akapita bila kuombwa karatasi yoyote. Alinisimulia hayo kwa simu kwa fahari, kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikasema, "Pole na safari, mama."

Siku ya pili yake tulimpigia kwa video. Nilikuwa nimepika uji, mwepesi kama alivyoagiza, na dada alikuwa ameshika bakuli bila kunywa. Akaisogeza simu usoni kwa mtoto, akamwambia mama amwongeleshe. "Kwa Kirundi, mama. Huku hakuna wa kumwongelesha ila sisi."

Mama alikuwa amekaa sebuleni kwake, mchana kweupe, kuku wanasikika nje. Alimtazama mtoto. Kisha akasema, "Subirini," akailaza simu mezani, tukabaki tunaangalia mabati ya paa. Tukasikia kandambili zake zikienda, tukasikia mlango ukifungwa na komeo likirudishwa. Dada akaanza kulia kabla yangu, kwa sababu sauti ya komeo lile tunaijua.

Mama akarudi, akainua simu, akamsalimia mjukuu wake.