Kitanda cha Sebuleni

Mume wangu hutandika vitanda kwa mshahara. Hoteli yenyewe siitaji. Iko juu mjini, na mlinzi wake hukuangalia viatu kabla ya uso. Kutwa nzima yeye na wenzake huvua shuka, huvisha shuka, huipiga mito makofi mpaka isimame wima. Akirudi kwetu Kicukiro, kitanda chetu alikuwa anakiacha vile vile kilivyoamka, blanketi huku, mto kule. Nikimlalamikia alinijibu kwamba kinyozi hajinyoi. Nami nikamwambia kinyozi huyo basi angalau amnyoe mkewe.

Tuliishi hivyo, tukitaniana, mpaka nilipopata mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika na sitazieleza hapa. Safari hii, damu ilipoonekana kidogo, daktari aliniambia nikalale. Si kupumzika, kulala: nisiinuke ila kwenda chooni, mpaka atakaposema yeye. Mimi ni mtu wa kusimama. Nimekulia Buyenzi, kule Bujumbura, ambako mwanamke akionekana kalala mchana majirani huja kuuliza msiba ni wa nani. Nilirudi nyumbani nimenuna, na chini ya kununa kule nilikuwa nimejaa hofu.

Mume wangu hakuweza kuacha kazi akae nami, kwa hiyo mama yangu akateremka kutoka Gatsata, anakoishi siku hizi, na kikapu chake, rozari yake na ndizi za kupika. Alipita sebuleni, akafika mlangoni mwa chumba chetu cha kulala, akasimama nyuma ya pazia. Hapo hapo.

"Mama, ingia."

"Niko hapa, mwanangu. Nakusikia muzuri."

Ndipo nilipokumbuka. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, wala hakai kwenye kitanda chake, hata shuka ziwe zimetoka kupigwa pasi sasa hivi. Ni kirazira, yaani mwiko, na mama yangu si mtu wa kujadiliana na kirazira. Siku nzima tulizungumza kupitia pazia. Uji ulinifikia kwenye mkono mmoja uliopenyezwa kando ya kitambaa, nami nilijiona mfungwa anayepewa chakula na askari mwenye huruma. Kikombe nilipaswa kuinuka kukifuata. Nikaukosa mkono wake pia, na mkono wake ndio hasa nilioutaka.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alijikuna kichwa, akatazama sebule yetu ndogo kama fundi anayepima ukuta.

"Basi tutengeneze kitanda ingine," alisema. "Hapa saloni. Mimi silali hapo hata siku moja, kwa hiyo Mabukwe iko huru."

Mabukwe ndivyo anavyomwita mama, kwa heshima yote, akiwa ameinamisha macho. Sofa likahamia barazani. Seremala wa jirani akatupatia kitanda cha mbao, na godoro jipya likaja kutoka Nyabugogo juu ya pikapu ya mtu. Siku hiyo, nikiwa nimelazwa kwenye mkeka pembeni, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kile ambacho wageni wa hoteli hulipia na mimi sikuwahi kukipata.

Kwanza alitandika mbao za kitanda upya, zikaribiane, godoro lisibonyee mgongoni mwangu. Juu ya godoro akaweka kigodoro chembamba laini. Akanionyesha kwamba siri si godoro, siri ni shuka: liwe kubwa kulishinda godoro, lipigwe pasi likiwa bado na unyevu kidogo, kisha kona zikunjwe kama bahasha na kusukumwa chini mpaka lisiwe na hata mkunjo mmoja. Miguuni akaacha nafasi kwa makusudi, "vidole vipumue." Mito alileta minne. Mgumu wa mgongoni, mwembamba wa kichwani, mmoja wa kuweka katikati ya magoti, na mmoja ambao hakuueleza kazi yake. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba ulikuwa wa kukumbatia.

Tuligombana kwenye rangi tu. Alikuwa amenunua shuka nyeupe, kwa sababu kitanda cha hoteli ni cheupe na basi. Nilizikataa. Akaanza kunihubiria habari za usafi, nikamkatiza.

"Sitaki kuona," nilimwambia. "Nikiamka asubuhi, sitaki jambo la kwanza liwe kuchungulia shuka."

Akazikunja zile nyeupe vizuri, akaondoka, na aliporudi alikuwa na shuka za rangi ya kahawa iliyokolea, ambazo hoteli yao isingezitandika hata kwenye chumba cha mbwa. Akazipiga pasi kwa uangalifu ule ule. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na nilimwambia hivyo, naye akasema nisogeze miguu, anamalizia kona.

Kisha akaharibu kila kitu. Kitanda kilipokamilika, akarudi nyuma hatua chache, akakitazama kwa majivuno, na kwa mazoea ya kazi yake akajitupa juu chali, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akasikiliza mbao. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi.

"Yesu Maria," alisema mama.

Mume wangu aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Lakini alikuwa amekwisha lala. Kitanda kipya, safi, kisicho na hatia, kilikuwa sasa kitanda cha mkwe.

"Mabukwe, nilikuwa najaribu tu."

"Nimeona, mwana wangu. Umejaribu muzuri."

Mume wangu alivua shuka zote, akavisha nyingine. Haikutosha. Akalipindua godoro, akaeleza kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu kwamba upande huu wa sasa hajaugusa. Mama alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwishoni akatoa hukumu: kukaa juu yake hapana, ila ataweka kigoda chake karibu, pale mkono unapofika. Mimi nilicheka mpaka wote wawili wakanigombeza kwamba nitajiumiza.

Basi maisha yakawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mume wangu alikitandika kitanda nikiwa ndani yake, ananiviringisha upande huu kisha upande ule, akilalamika kwamba wageni wa hoteli wana adabu ya kutoka kwanza. Mchana mama alikaa kwenye kigoda, akimenya ndizi, akisali rozari, akinipa habari za watu wa Gatsata ambao sikuwajua na ambao niliishia kuwachukia au kuwapenda. Mkono wake ulifika. Mwili wangu, ambao nilidhani haujui kulala mchana, ukajifunza.

Mtoto tu ndiye hatukumtaja. Mara mbili zilizopita tulikuwa tumemtaja mapema, tukampa jina, mume wangu akanunua soksi. Safari hii hakuna aliyesema neno mtoto. Daktari alisema "hali", mama alisema "Mungu anajua", na mume wangu hakusema chochote kabisa. Alinishughulikia mgongo, magoti, shingo, lakini mkono wake ulipita mbali na tumbo langu. Sikumlaumu, ila iliniuma. Nilikuwa nahisi niko peke yangu na mtu ambaye wengine wote wameamua kumsubiri nje.

Alasiri moja maumivu yakaja. Nilikuwa nasikia mvua inaanza kwenye mabati, kisha nikasikia tumbo linakaza, likaachia, likakaza tena. Niliyajua maumivu yale. Nikamwita mama, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa Buyenzi aliyeanguka kwenye ngazi.

Mama hakuuliza kitu. Alivua kandambili, akapanda kitandani, juu ya shuka za mkwewe, juu ya godoro la mkwewe lililopinduliwa, akalala nyuma yangu, akanizungushia mkono. Magoti yake yaliingia nyuma ya magoti yangu. Alinukia moshi na sabuni.

"Mama, kirazira," nilimwambia, kwa sababu hofu humfanya mtu aseme lolote.

"Nyamaza," alisema. "Pumua na mimi."

Nikapumua naye. Hatukuweza kwenda kokote kwa mvua ile, na simu ya kliniki ilituambia nisinyanyuke, nihesabu nafasi kati ya maumivu. Nafasi zikarefuka. Kisha zikawa hazina haja ya kuhesabiwa. Nisikuache roho juu, msomaji: mtoto hakwenda popote siku ile, na alizaliwa wakati wake, mwenye sauti. Lakini saa ile sisi hatukulijua hilo. Tulichojua ni kwamba tumbo limetulia. Mama alisinzia kwanza, kisha mimi.

Niliposhtuka mvua ilikuwa imekatika na bado kulikuwa na mwanga. Mama alikoroma taratibu kisogoni mwangu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo ule niliona mgongo wa mume wangu. Alikuwa amerudi kutoka kazini, akachungulia, akamwona mama mkwe wake amelala kitandani, na kwa mtu wa malezi yake hilo ni jambo ambalo macho hayapaswi kuliona. Basi alikuwa amejikunyata barazani, pembeni ya sofa letu lililolowa, ameupa mlango kisogo, viatu vyake mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Jirani mwanamke akapita na ndoo, akamkuta katika hali hiyo.

"We, sha, wamekufungia inje?"

"Polepole," alisema mume wangu, akionyesha nyuma yake kwa kidole gumba bila kugeuka. "Wamelala."

"Nani na nani?"

Aliviweka viatu chini taratibu.

"Mabukwe," alisema. "Na bibi yangu. Na mutoto. Iko watatu."