Maji Mjini, Madzi Mudzini

Nilihamia Malindi kutoka Morogoro nikiwa na brashi zangu nne na imani kwamba Kiswahili nakijua. Mume wangu, mtu wa Machakos, alikuwa amepata kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa mji. Mimi nikaendelea na kazi niliyofundishwa na baba: kuandika ukutani majina ya maduka, bei za nyama, mikasi na vitana vya vinyozi. Nilidhani ugeni wangu utakuwa wa pasipoti tu.

Mwaka wa kampeni ulipofika nikaanza kujitilia shaka. Kila ukuta na kila tuktuk ilikuwa na maneno, nami niliyasoma yote kwa mazoea ya kazi, nikitazama herufi kwanza na maana baadaye. Maneno niliyajua, maana zikanipita. Bango moja karibu na soko lilisema TUVAE SUTI KAMILI. Mgombea aliye pichani alikuwa na shati la mikono mifupi. Nilipita hapo siku tatu bila kuelewa, na ya nne nikamuuliza mwenye nyumba wetu, bibi wa mji wa kale aliyekuwa akikaanga viazi karai barazani.

"Shikamoo, bibi. Huyu mgombea ni fundi cherehani?"

"Marahaba. Fundi cherehani kwani kashona nini?"

"Anataka watu wavae suti, na joto hili."

Alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Mwanangu, suti hiyo haivaliwi mwilini. Siku ya kura twapewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wa wadi. Ukiwapa zote sita watu wa chama kimoja, umevaa suti. Ukichanganya, umevaa koti la huyu na suruali ya yule."

"Na wewe utavaa?"

"Hayo ni baina yangu na debe."

Tangu siku hiyo nikawa nayanakili mabango kwenye daftari na kumpelekea. MTU WA NYUMBANI nilidhani ni mtu asiyependa kutoka. Bibi akaniambia la, ni njia ya mgombea kusema kwamba mpinzani wake ni mtu wa kuja. Hapo nilifunga daftari, maana na mimi ni mtu wa kuja.

Siku moja nikapigiwa simu na mwanamke wa Ganda, nje kidogo ya mji, mwalimu mstaafu wa chekechea, aliyekuwa akigombea uwakilishi wa wadi. Alitaka maneno mawili tu, makubwa, kwenye ukuta wa duka la jirani yake, kando ya barabara. Akanitumia kwa ujumbe: MADZI MUDZINI.

Niliyasoma nikamhurumia. Nikawaza, simu imemvurugia herufi, au kidole kimeteleza. Mwalimu huyu akiwekwa ukutani na makosa hayo wapinzani watamcheka. Sikumpigia kumuuliza. Asubuhi nilikwenda Ganda kwa bodaboda, nikapiga mistari kwa chaki, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimeandika kwa rangi ya buluu, herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika hapa: MAJI MJINI.

Wanawake watatu walikuwa wakipita na madumu kichwani. Mmoja akatua lake, akasoma kwa sauti, akanigeukia.

"Nani amekutuma uandike hivi?"

"Mgombea wenu, mwalimu."

"Mwalimu hawezi kusema hivi."

Mwenzake akasema, bila hata kunitazama, "Huyu katumwa na wale wengine."

Watu wakaanza kukusanyika. Hakuna aliyenitukana, lakini hakuna aliyeitikia salamu yangu pia. Nilikuwa nafunika makopo ya rangi mgombea alipofika, akitoka mazishini, leso imefungwa kiunoni. Alisimama mbele ya ukuta akasoma.

"Dada, ujumbe wangu uliusoma?"

"Niliusoma, mama. Nikaona herufi zimekosewa, nikarekebisha."

"Ukanirekebisha." Alisema polepole, kama anayelionja neno. "Njoo nikuonyeshe."

Alinipitisha nyuma ya duka, katikati ya mihogo, mpaka kwenye nguzo fupi ya saruji iliyochomoza ardhini. Hapo chini, alisema, kuna bomba. Maji yanatoka Mto Sabaki, yanapita kwenye shamba la mama yake, yanakwenda mjini. Aliniambia utotoni walikuwa wakilaza sikio chini wakisema wanayasikia. Sijui kilichonipata, nilipiga magoti nikalaza langu. Nilisikia moyo wangu tu ukidunda. Yeye alinisubiri bila kucheka.

Kisha tukafika kwenye nyumba nne zilizozunguka ua uliofagiwa. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mahindi, na karibu naye madumu ya manjano yamepangwa mstari, mengi yakiwa matupu.

"Huu ndio mudzi," mgombea akasema. "Mudzini ni hapa. Kwa Kigiriama sikukosea herufi hata moja. Mimi naomba madzi yafike hapa. Wewe umeniandikia maji yaende mjini, na mjini yanakwenda tayari."

Uso uliniwaka. Nilimwambia nitafuta yote, nianze upya, hata kama itanichukua mpaka jioni. Tulirudi dukani. Watu walikuwa bado pale. Akautazama tena ukuta, mkono kidevuni.

"Usifute. Nafasi ya chini inatosha mstari mwingine?"

"Inatosha."

"Basi andika: MADZI MUDZINI LINI?"

Niliandika, safari hii nikimwomba anitajie herufi moja moja. Nilipomaliza alama ya kuuliza, yule mwanamke wa kwanza alisoma mistari yote miwili, akajipiga kofi pajani na kucheka. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa naandika maneno hayo kwenye kuta nyingine tano, na wapiga kura wakambandika jina la Mama Lini. Kwenye mkutano wake wa mwisho alipaza sauti, "Maji mjini!" na uwanja mzima ukamjibu kwa kuuliza. Nilikuwa nyuma kabisa, sina kura, sauti nimekaukiwa.

Alishindwa. Alikuwa wa pili, na nilihuzunika kiasi cha kumshangaza mume wangu. Nilikwenda Ganda kumpa pole, nikamkuta akimenya mihogo.

"Pole ya nini?" akasema. "Yule mshindi kila mazishi anayohudhuria anaulizwa lini. Juzi amekuja kwangu kuniuliza bomba ligawanywe wapi."

Mtaro umechimbwa kweli, kutoka kwenye ile nguzo mpaka karibu na ua. Mara ya mwisho nilipokwenda nililazimika kuuruka ili nimfikie mama yake nimwamkie. Mabomba yenyewe hayajaletwa, na kuta za mtaro zimeanza kuota majani.