Kumkosoa Mkubwa wa Draiva Mbele za Watu

Nimelelewa katika nyumba ambayo mtu hakosolewi mbele za watu. Mgeni akija na kanzu aliyoivaa ndani nje, humwambii pale barazani. Unamwita ndani kana kwamba kuna jambo unataka kumuuliza, unamwambia huko, anatoka akiwa amekaa sawa na hakuna aliyejua. Mama yangu anafundisha Kurani watoto wa mtaa wetu, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na adabu hii alinipa kabla hajanifundisha alifu. Nilipofika chuo kikuu nilibishia karibu kila kitu nilichotoka nacho nyumbani. Nilibishana na wahadhiri, na wenzangu wa bwenini, na hata na ratiba ya mitihani. Lakini hili la kumsitiri mkubwa sikulibishia. Halikunijia kichwani kwamba nalo ni jambo la kubishiwa, na ndilo lililoniponza.

Kazi yangu ni kutunza mashine mbili zilizo katika chumba cha mitambo pale Kerege, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Ndimo inamopita intaneti ya watu wa huku kwetu: vyuo, hospitali, hoteli, simu ya mama. Kila mashine ina kadi ya mtandao yenye kasi ambayo wakati nasoma niliiona kwenye picha tu. Kadi peke yake haijui lolote. Kinachoiwezesha kuelewana na kompyuta ni programu inayoitwa draiva, na draiva ya kadi zetu imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi. Iko wazi, yeyote anaweza kuisoma na kupendekeza mabadiliko.

Ukitaka kubadilisha kitu unaandika kiraka, yaani faili fupi linaloonyesha mistari unayoiondoa na mistari unayoiweka mahali pake. Unakituma kwa barua pepe kwenye orodha inayosomwa na wote. Wenzako wanajibu chini ya mstari wenyewe: hapa sielewi, hapa umekosea, hapa sawa. Unarekebisha, unatuma toleo la pili, la tatu, mpaka waridhike, ndipo mkusanyaji mkuu, anayeunganisha viraka vya wote, anakichukua. Kiraka changu cha kwanza kabisa kilirudishwa kwa sababu nafasi za mwanzoni mwa mistari zilikuwa za aina isiyotakiwa, ingawa kwa macho zilifanana kabisa na zile zinazotakiwa. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba ndivyo tunavyofanya siku zote. Nilicheka peke yangu. Sentensi hiyo niliikimbia Bagamoyo, kumbe ilikuwa imenitangulia.

Draiva yetu ina mkubwa wake. Sijawahi kuiona sura yake. Najua anaishi nchi ya baridi na kwamba alianza kuiandika nikiwa shule ya msingi. Viraka vyangu vya mwanzo alivipitia yeye, kwa upole, akinieleza makosa bila kunidharau. Kwa hiyo siku alipotuma kiraka chake cha mistari minne, nikakisoma kama mtu anayesoma barua ya mwalimu wake, nikaona kosa, nilijitilia shaka mimi kwanza.

Kosa lenyewe si gumu kulieleza. Ndani ya draiva kuna kazi ndogo inayoamka kila baada ya muda kukagua kama kadi ni nzima. Mimi huiita mlinzi. Waya ukipoteza mawasiliano, draiva inatakiwa imsimamishe mlinzi kwanza, kisha iachie sehemu ya kumbukumbu aliyokuwa akiitumia, halafu ianze upya. Mkubwa, katika kutafuta kasi, alikuwa amepindua mpangilio: kumbukumbu inaachiwa kwanza, mlinzi anasimamishwa baadaye. Ni sawa na kukunja mkeka huku mtu bado amekaa juu yake. Mara nyingi mlinzi huwa amelala na hakuna linalotokea. Akiamka katikati, mashine nzima inaanguka.

Nilitakiwa kujibu kwenye orodha, chini ya mstari wa tatu, mbele ya wote. Nikamwandikia pembeni, yeye peke yake. Nilianza kwa salamu, nikaomba radhi kwa kumsumbua, nikasema huenda nimekosea mimi, nikasema nina hakika yeye ameona mbali kuliko mimi, na mwisho, karibu na kwaheri, nikataja kosa. Akanijibu siku hiyohiyo kwa mstari mmoja: Asante, nitaangalia.

Nikafurahi. Nilijiona nimemwita mgeni ndani nikamwambia habari ya kanzu. Siku chache baadaye mtu mwingine akaandika kwenye orodha kwamba amekipitia kiraka na kiko sawa, na mkusanyaji mkuu akakichukua. Niliikodolea macho ile barua, nikasema moyoni: ameangalia, ameona hakuna tatizo, nani mimi? Mimi, niliyewahi kumuuliza mhadhiri amejuaje kwamba alichoandika ubaoni ni kweli!

Majuma matatu yakapita tangu nilipomwandikia. Toleo jipya la majaribio lilipotoka, nililiweka kwenye mashine ya akiba pale Kerege, ya tatu, isiyopitisha intaneti ya watu. Fundi mwenzangu, kijana wa Mapinga mwenye maneno mengi, akanipigia simu asubuhi.

"Msomi, mashine yako imezimia."

"Imezimia au umeizima?"

"Mimi nilikuwa nakula muhogo. Umeme umecheza kidogo, ukarudi, hiyo yako ikabaki imetoa macho."

"Si iko kwenye betri?"

"Iko kwenye betri. Mwenzake wa upande wa pili wa waya ndiye hana betri ya maana. Kila umeme ukikohoa, yeye anazima na kuwaka."

Nikaenda. Umeme ulikohoa mara nne kabla ya adhuhuri, na mara mbili kati ya hizo mashine ilianguka. Kwenye kioo lilibaki jina la kazi iliyoiangusha. Lilikuwa la mlinzi. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalitazama jina lile. Sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Ilikuwa Jumatano. Jumapili toleo lilikuwa linafungwa. Likifungwa na kosa ndani yake litasambaa kila mahali, na mashine zetu mbili zitalipokea kwa utaratibu wa kawaida kama mashine nyingine zote. Hapo watakaokatiwa mawasiliano hawatakuwa fundi na muhogo wake, bali wauguzi walio kazini na mafaili ya wagonjwa mbele yao.

Nilirudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, na watoto wako ukumbini wanasoma kwa sauti. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku sikio lake jingine likiwa ukumbini.

"Rudi nyuma! Umeruka aya!" alipaza sauti. Kisha akanigeukia. "Sasa si umwandikie tena, taratibu?"

"Zimebaki siku nne, mama."

"Ana umri gani mtu huyo?"

"Sijui. Labda rika lako."

"Basi! Utamvunjiaje heshima mtu wa rika langu mbele ya ulimwengu mzima? Mwandikie mwenyewe."

"Nilimwandikia mwenyewe. Ndiyo maana tumefika hapa."

"Ulimwandikia kwa adabu?"

"Kwa adabu mpaka kosa halikuonekana."

Akaguna. Na hapo ndipo nilipokumbuka kofi.

Nilikuwa mdogo, siku ya Ramadhani, swala ya alasiri kabla ya darsa. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake wengine. Imamu alikuwa mwalimu wa mama mwenyewe, mtu ambaye wanaume wa mtaa walishusha sauti akipita. Alimaliza rakaa ya nne, na badala ya kukaa, akasimama. Alikuwa anaingia ya tano. Mwanamume akiona imamu amekosea husema subhanallah kwa sauti, na siku ile wanaume walijaa safu nzima na hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wanamheshimu. Mwanamke hasemi; hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Mama akapiga kofi moja, kavu, likasikika msikiti mzima. Imamu akarudi akakaa.

"Mbona wewe ulimpigia mwalimu wako kofi?" nikamuuliza.

Mkono ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. "Ile ilikuwa swala."

"Wanaume wote walimsitiri. Ungewaacha wasali rakaa tano?"

"Usinifananishie swala na mabati yako, wewe mtoto."

"Sifananishi. Nauliza."

"Wewe siku zote unauliza." Akaendelea kukuna. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Nilipokuwa natoka akasema, bila kuinua kichwa: "Na nilipiga moja tu. Sikupiga ngoma."

Sijui kama ilikuwa ruhusa au onyo. Niliichukua kama nilivyotaka.

Barua niliyoituma kwenye orodha jioni ile haikuwa na radhi hata moja. Niliandika kwamba kiraka cha mkubwa kimepindua mpangilio, mstari wa tatu. Nikabandika ushahidi wa mashine ya Kerege na kuambatanisha kiraka changu cha kurudisha mpangilio wa mwanzo. Katika maelezo ya kiraka niliweka sentensi moja: kosa hili hujitokeza haraka mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara kwa mara, kama kwenye kituo chetu pwani ya Tanzania.

Jibu la kwanza halikutoka kwa mkubwa. Mtu mmoja nisiyemjua aliuliza swali moja: Uliliona lini?

Ningeweza kusema Jumatano. Vidole vilikuwa tayari. Niliandika: Majuma matatu yaliyopita. Nilimwambia mwenyewe pembeni, kwa heshima. Ilikuwa heshima mbaya, na sitairudia. Nilipoituma, masikio yaliniwaka moto kama mtoto aliyeruka aya.

Alhamisi mkubwa akajibu. Alikumbuka barua yangu na akakiri kwamba ilimpotea. Lakini, aliandika, katika hali ya kawaida waya haupotezi mawasiliano mara nyingi kiasi hicho. Huenda ni vyema kituo chenu kikarekebisha umeme wake kwanza.

Nilianza kumjibu kwa aya tano. Zilikuwa aya nzuri, zenye kila kitu nilichotaka kumwambia yeyote aliyewahi kuniambia kwamba maisha yetu si hali ya kawaida. Nikazisoma, nikasikia ngoma. Nikazifuta zote, nikabakiza hivi: Kwetu hii ndiyo hali ya kawaida. Huhitaji umeme wetu ili kuthibitisha. Chomoa waya na kuuchomeka mara ishirini, kisha utuambie.

Hakujaribu yeye. Alijaribu yule aliyeniuliza niliona lini. Ijumaa akaandika: Nimejaribu. Imeanguka mara ya kumi na moja. Kiraka cha dada huyu kinaponya. Nimekipitia, kiko sawa.

Hapo mkubwa hakuzunguka. Alisema kosa ni lake na kiraka kiingie, ila nitoe ile sentensi ya umeme, kwa kuwa maelezo yanapaswa kuihusu draiva, si hali ya nchi fulani. Nitume toleo la pili, aridhie, liwahi Jumapili.

Fundi alisoma juu ya bega langu. "Toa, dada. Sentensi moja! Kiingie, mambo yaishe."

"Sitoi."

"Na kisipoingia?"

"Mashine zetu nitazizuia zisipokee toleo jipya."

"Zetu sawa. Za wengine je?"

Alikuwa na haki kuuliza. Nilijua inawezekana kiburi ndicho kilichokuwa kikiandika. Lakini nilifikiri pia kuhusu mtu atakayekuja baada ya miaka, akitafuta kasi, aione ile mistari miwili, ajiulize kwa nini iko hivyo, na asikute sababu. Ataipindua tena. Atadhani, kama alivyodhani mkubwa, kwamba waya haukatiki. Maelezo ya kiraka ndiyo mahali pekee ambapo mstari hujibu swali la kwa nini. Mimi niliyejibiwa ndivyo tunavyofanya siku zote sikuwa tayari kumwachia mwingine jibu hilohilo.

Nikaandika kwenye orodha, mbele ya wote: Sentensi hiyo inaeleza jinsi kosa lilivyopatikana, na bila hiyo halionekani. Naomba ibaki. Uamuzi ni wa mkusanyaji. Kisha nikafunga kompyuta, maana nilijua nikibaki nayo nitapiga kofi la pili.

Jumamosi ilipita bila neno. Nilikwenda Kerege, nikakaa kwenye ndoo yangu na kuwatukana moyoni watu wote, nikianzia na mimi. Jumapili mchana ikaja barua ya mkusanyaji mkuu, fupi kama kawaida yake: Nimekichukua, kama kilivyo.

Kama kilivyo. Fundi alisoma kwa sauti ile sentensi yetu ya pwani, akaisoma tena, akauliza kwa nini sikuitaja Mapinga.

Sasa umeme wa Kerege unakohoa kama zamani na mashine ziko macho. Juzi mkubwa alituma kiraka kipya, kikubwa zaidi, chenye mistari mizuri ninayomwonea wivu. Kwenye mstari wa arobaini kulikuwa na tatizo dogo. Nikajibu pale pale chini yake, kwenye orodha, sentensi mbili. Alijibu baada ya saa moja, naye mbele ya wote: Kweli. Toleo la pili linakuja.

Mama alikuwa mlangoni na sinia la vitumbua vya watoto. Hajui kusoma yale maandishi, lakini anaujua uso wangu ukiwa umetoka kumkosoa mtu.

"Ni yule yule wa rika langu?"

"Yule yule."

"Umemsalimia kwanza?"

"Nimemsalimia. Mbele za watu."

Akaguna, akaenda zake ukumbini, na mara nikamsikia: "Rudi nyuma! Wewe wa mwisho, kwa sauti, wenzako wakusikie!"